Kimbunga kimeondoka na umeme: namna ya kujua umekatikia wapi

Alfajiri ya tarehe 8 Julai 2024 kimbunga Beryl kiligonga pwani ya Texas karibu na Matagorda, kikapanda kuelekea Houston. Kilikuwa cha daraja la kwanza tu, la chini kabisa. Lakini siku hiyohiyo wateja zaidi ya milioni 2.2 wa CenterPoint, kampuni yenye nguzo na nyaya za jiji hili, hawakuwa na umeme. Wengine walirudishiwa kesho yake, wengine walikaa zaidi ya wiki. Giza halikuwa tatizo, mishumaa ipo. Tatizo lilikuwa joto. Houston mwezi wa saba bila kiyoyozi ni kama Dar ya Februari ndani ya chumba ambacho dirisha lake halifunguki.

Kwenye kundi letu la WhatsApp maswali yalikuwa mawili, asubuhi na jioni. Mbona ng'ambo ya barabara wana taa sisi hatuna? Na: tumpigie nani? Kabla ya kuhamia huku nilikuwa fundi wa kufunga nyaya majumbani Tanga, kwa hiyo watu walinigeukia mimi, na jibu langu lilikuwa swali: kwako umekatikia wapi? Umeme hufika chumbani kwako kwa mnyororo mrefu. Ukijua pete iliyokatika, unajua ni nani wa kumpigia, kama kuna haja ya kumlipa fundi, na kama usubiri saa kumi au siku kumi. Mwongozo huu nimeuandika kwa Waswahili wa Houston, lakini hata ukiwa Louisiana au Florida mnyororo ni huohuo, majina ya kampuni tu ndiyo yanabadilika.

Kwanza: usitoke mbio

Subiri upepo utulie, kisha subiri mwanga wa kutosha kuona chini. Waya uliolala kwenye majani uhesabu kuwa una moto, hata kama mtaa mzima hauna umeme, hata kama hautoi cheche. Nyaya za juu za mitaani hubeba maelfu ya volti na ardhi iliyolowa hupitisha. Kaa mbali nao futi 35, yaani mita kumi na ushee, na angalia umeangukia nini: uzio wa chuma unaweza kuleta umeme wa nguzo ya nyumba ya tatu hadi mlangoni kwako. Piga 911, kisha kampuni ya umeme. Usiusogeze kwa ufagio, wala kwa ubao "mkavu".

Waya ukiangukia gari na wewe umo ndani, baki humo na uwazuie watu wasikukaribie. Ni gari likishika moto tu ndipo utoke. Hapo ruka miguu ikiwa pamoja, usiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha ondoka kwa kuburuza nyayo bila kupiga hatua ndefu.

Pili: anza ndani

Inaonekana ni jambo dogo, lakini nimeshaitwa kwa mtu aliyekaa usiku mzima gizani kwa sababu breka kuu, ile swichi ya kinga ya nyumba nzima, ilijikata na hakuna aliyefungua kile kisanduku cha ukutani. Kifungue. Breka iliyojikata hukaa katikati: isukume hadi mwisho upande wa kuzima, halafu iwashe. Ikijikata tena, iache, kuna kitu kimeungua au kimelowa. Kama maji yalifika kwenye soketi au kwenye kisanduku chenyewe, usiguse chochote, mwite fundi.

Kama unalipia umeme kabla, mtindo wa LUKU, angalia salio. Halafu chungulia majirani. Wote giza? Tatizo liko nje. Ni wewe peke yako? Liko kwako, kwenye waya wako, au kwenye transfoma mnayochangia watu wachache.

Tatu: fuata waya kwa macho

Simama nje, mbali na waya wowote ulioanguka, na utazame kutoka ukutani kwako kurudi nguzoni. Macho tu, mikono mifukoni.

Ukutani kuna sanduku la mita. Juu yake linapanda bomba la chuma, mara nyingi linatoboa paa, na kichwani lina kofia iliyoinama ili mvua isiingie. Kwenye kofia hiyo ndipo waya wa sevisi unapoungana na nyaya za nyumba. Huu ndio mpaka, na ndipo watu wengi wanapoteza siku. Hapa Houston mita na waya wa sevisi unaotoka nguzoni ni vya kampuni. Bomba, kofia yake na sanduku lenyewe la mita ni vyako mwenye nyumba. Tawi likiuvuta waya, mara nyingi waya haukatiki. Unavuta bomba, bomba linapinda, sanduku linang'oka ukutani na misumari yake. Gari la kampuni likifika, likikuta bomba limepinda halikuunganishi hata kama mtaa mzima unawaka. Linakuachia karatasi mlangoni na kuondoka.

Kwa hiyo ukiona bomba limelala, usisubiri foleni ya kampuni. Tafuta fundi mwenye leseni siku hiyohiyo. Leseni za mafundi umeme Texas hutolewa na idara ya jimbo iitwayo TDLR, na kwenye tovuti yao unaandika jina lake au namba yake ya leseni unaona kama ipo hai. Kazi hii inahitaji kibali na ukaguzi kabla kampuni haijaunganisha tena, na anayeomba kibali ni fundi. Akikuambia "kibali hakina haja", mshukuru na umtafute mwingine. Piga picha kabla hajagusa na utunze risiti, bima itazitaka.

Sasa panda na macho hadi nguzoni. Lile pipa la kijivu ni transfoma, na inaweza kulisha nyumba chache tu, pengine sita, pengine kumi. Juu yake kuna kitu kinachofaa kukijua: kijiti cha urefu kama wa mkono, kimeshikwa juu na chini kwenye kikombe cha udongo. Kikiwa kimesimama na ncha zote mbili zimeshika, fyuzi ni nzima. Kikiwa kinaning'inia kimeelekea chini, kama mlango uliobakiwa na bawaba moja, fyuzi imekata. Tanga tulikuwa tunasema "fyuzi imedondoka", na huku kitu ni kilekile. Inaweza kuwa tawi liligusa tu likaanguka, na kazi ya kurudisha ikawa ya dakika chache kwa fundi mwenye fimbo ndefu. Shida ni kumpata huyo fundi. Ukiripoti, taja jambo hilo. Usidhani kwamba fyuzi ikining'inia waya wa chini umekufa. Kwenye jenereta nitaeleza kwa nini.

Mitaa mipya haina nguzo, nyaya zimezikwa na transfoma ni sanduku la kijani kwenye nyasi. Hapo hakuna cha kuona. Ripoti tu.

Kama umepanga apatimenti

Wengi wetu tuko huku: Gulfton, Sharpstown, Alief. Mita zenu zimepangwa pamoja kwenye ukuta mmoja, na masanduku yake ni mali ya mwenye jengo, si yako, wala si ya kampuni. Likiungua au likifurika, ofisi ya majengo ndiyo inatakiwa kuita fundi. Niliwahi kukaa kwenye majengo ambayo ofisi ilituambia siku tatu kwamba "ni kampuni ya umeme", huku jengo la jirani, transfoma ileile, linawaka. Siku ya nne tulikwenda watu kumi na wawili, tukawaonyesha picha ya mita zenye weusi wa moto. Fundi alifika jioni. Andikeni barua pepe, msiongee kwa mdomo tu. Tarehe ya barua pepe haibishaniwi.

Nne: ripoti, na uripoti kwa anayehusika

Texas ina utaratibu unaowachanganya wageni. Kampuni inayokuletea bili siyo yenye nguzo. Ile inakuuzia umeme tu, na unaweza kuihama kesho. Nguzo, nyaya na mita za Houston zote ni za CenterPoint, hata ununue umeme kwa nani. Kumpigia muuzaji kuhusu nguzo iliyoanguka ni kama kumlalamikia wakala wa vocha kuhusu mnara wa simu. Namba ya kuripoti umeme uliokatika ni ya CenterPoint, na imechapwa kwenye bili yako, pamoja na namba ndefu iitwayo ESI ID ambayo ndiyo anwani ya mita yako. Zipige picha zote mbili leo, kabla simu haijaisha chaji.

Wakati wa Beryl ramani ya mtandaoni ya CenterPoint haikuwa ikifanya kazi. Ilizidiwa kwenye dhoruba ya Mei mwaka huohuo. Watu wakawa wanafungua programu ya migahawa ya Whataburger kuangalia matawi gani yako wazi, wapate kukisia umeme uko wapi. Ramani mpya ilianza Agosti 2024. Jiandikishe pia kupokea ujumbe mfupi, maana ujumbe hupita hata pale intaneti inaposuasua.

Unapopiga, sema ulichokiona: "Waya wa sevisi umekatika", "fyuzi inaning'inia kwenye nguzo nyuma ya nyumba yangu", "bomba langu ni zima". Kila neno moja kati ya hayo linamwambia mtu wa upande wa pili atume gari la aina gani.

Tano: elewa foleni

Hapa ndipo penye manung'uniko mengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hakuna anayerudisha umeme mtaa kwa mtaa. Unarudishwa laini kwa laini, kuanzia juu. Kwanza laini za msongo mkubwa, zile za minara, kisha vituo vya kupozea umeme, kisha laini kuu zinazotoka vituoni, ambazo mafundi wa kwetu huziita fida. Baada ya fida ni matawi yake ya mitaani, kisha transfoma moja moja, na mwisho kabisa ndio waya wa nyumba moja. Hospitali, mitambo ya maji na zimamoto hupewa kipaumbele, na ukiwa umebahatika kulishwa na fida moja na hospitali, unawaka mapema bila jitihada yako. Hilo ndilo jibu la "mbona ng'ambo ya barabara": barabara yenu inagawa fida mbili.

Hesabu yake ni rahisi ingawa inauma. Timu moja ikiondoa mti mmoja kwenye fida inaweza kuwasha nyumba elfu mbili. Timu hiyohiyo ikija kwako kuunganisha sevisi, inakula asubuhi nzima na kuwasha nyumba moja. Ungekuwa wewe msimamizi ungeanzia wapi?

Ukubwa wa uharibifu, basi, si idadi ya nguzo tu, ni mahali palipovunjika. Beryl iliumiza zaidi chini: miti iliangukia laini za mitaani. Kimbunga Ida, tarehe 29 Agosti 2021, kilipiga juu. Laini zote 8 za msongo mkubwa zinazoingia New Orleans zilizimika, na mnara mmoja ukaangukia ndani ya mto Mississippi. Hata kama nguzo ya mbele ya nyumba yako ilikuwa imesimama wima bila mkwaruzo, hapakuwa na umeme wa kuileta. Mwanga wa kwanza ulitoka kwenye mtambo wa gesi ulioko ndani ya jiji lenyewe pamoja na laini moja iliyorudishwa kutoka mji jirani wa Slidell, na chini kampuni ya Entergy bado ilikuwa na nguzo zaidi ya 30,000 zilizoharibika. Puerto Rico ilikuwa mbaya kuliko zote: kimbunga Maria cha tarehe 20 Septemba 2017 kilizima kisiwa kizima, na wa mwisho walisubiri karibu miezi 11. Kisiwa hakina jimbo jirani la kuleta magari kwa barabara. Houston ilipata maelfu ya mafundi kutoka nje wiki ile, magari yana namba za majimbo ambayo wengine hatujawahi kufika.

Kabla ya mafundi huja wakaguzi. Utawaona kwenye gari dogo, wanapita polepole, wanatazama juu, wanaandika kwenye kishikwambi, wanaondoka. Mtaani kwetu walizomewa. Lakini bila wao timu inafika bila nguzo, bila vikombe, bila transfoma ya saizi inayotakiwa, inarudi stoo. Wenye misumeno ni wakata miti, wengi hawaruhusiwi kugusa waya. Na gari lenye kikapu halimpandishi mtu upepo ukizidi kama maili 30 au 35 kwa saa, kwa hiyo ukiwaona wamekaa kwenye magari mchana wa upepo, wanasubiri.

Yeyote atakayekuja kukuambia umpe dola kadhaa "akusogeze mbele" ni tapeli. Fundi wa kampuni haombi hela mlangoni.

Sita: jenereta na jiko

Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Baada ya Beryl mamia ya watu Texas walihitaji matibabu kwa sababu yake. Jenereta ikae nje, futi 20 kutoka kwenye nyumba, moshi uelekee mbali na madirisha. Gereji lenye mlango wazi si nje. Baraza si nje. Jiko la mkaa nalo usiliingize ndani hata kwa chai tu: habari za familia zilizolala na jiko tumezisikia tangu nyumbani, na nyumba za huku zimezibwa kuliko zetu.

La pili ni ule waya wenye plagi ya dume pande zote mbili, wa kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani. Usiufanye, na akikuuzia mtu usinunue. Umeme unatoka kwako kwenda nguzoni, unapita kwenye transfoma kinyumenyume. Ile transfoma inayoshusha volti 7,200 kuwa 240, kinyume chake inapandisha 240 kuwa 7,200. Fundi aliyeshika waya anaoamini umezimwa anapigwa na jenereta yako ya dola mia tano. Ndiyo maana nilisema fyuzi inayoning'inia haithibitishi kitu. Chomeka friji kwenye jenereta kwa waya wake wa nje, au umlipe fundi aweke swichi ya kubadilisha njia.

Saba: mtaa umewaka, wewe bado

Siku ya tano taa za barabara ziliwaka, watu wakapiga vigelegele. Saa moja baadaye jirani yangu, mama mmoja wa Uvira, alinigongea.

"Baba Salma, courant imekuja kwenu?"

"Imekuja, Mama. Kwako je?"

"Kwangu hapana. Basi niliambia watoto, tungoje, wanatuona."

Hawakuwa wanamwona. Tulizunguka nyuma kwa tochi: waya wake wa sevisi ulikuwa umelalia uzio, umekatwa na tawi lisilozidi unene wa mkono wangu. Fida ilikuwa nzima, transfoma nzima, na kwenye kompyuta za kampuni tatizo la mtaa limeshafungwa. Alipiga simu, akataja waya wa sevisi, akaandikishwa upya. Ukiona wenzako wamewaka na wewe hapana, ripoti upya saa hiyohiyo, hata kama uliripoti siku ya kwanza. Ile ripoti ya kwanza ilikufa pamoja na tatizo la kwanza.

Wakati unasubiri, zima jiko la umeme, pasi na kiyoyozi, chomoa televisheni, acha taa moja iwe mlinzi wako. Umeme ukirudi unaweza kuja na kukatika mara mbili tatu kabla haujatulia. Ukitulia, washa kimoja kimoja, friji kwanza. Taa zikiwaka kupita kiasi upande mmoja wa nyumba na kufifia upande mwingine, zima breka kuu mara moja na upige simu: waya wa nyutro umeachia, na utachoma vyombo vyote.

Nane: dawa, friji na karatasi

Friji isipofunguliwa hulinda chakula saa 4. Friza iliyojaa huhimili saa 48, iliyo nusu saa 24. Nyama na maziwa vikipita nyuzi 40 za Fahrenheit kwa zaidi ya saa 2, tupa, usionje. Insulini nyingi huvumilia nje ya friji hadi siku 28 mradi joto lisizidi nyuzi 86, kiwango ambacho chumba cha Houston hukipita kabla ya saa nne asubuhi, basi ihifadhi kwenye kibaridi bila kugusana na barafu.

Mwenye mashine ya oksijeni au ya kupumulia ajiandikishe mapema, kabla ya Juni: kuna fomu ya wateja wagonjwa ambayo daktari anajaza sehemu yake, na kuna daftari la jimbo liitwalo STEAR, unajiandikisha kwa kupiga 211 na kuomba mkalimani. Hakuna kati ya hayo mawili kinachokuhakikishia umeme. Betri ya akiba na jina la ndugu mwenye taa ndivyo vitakavyokubeba.

Kama unapokea SNAP, msaada wa serikali wa chakula, na chakula ulichonunua kwa kadi hiyo kimeharibika, fomu ni H1855, na una siku 10 tu tangu chakula kiharibike. Friji ifungue, piga picha kila rafu kama ilivyo na maji yake yanayotiririka, ndipo uchukue mfuko wa taka.